Mkuu, hiyo fimbo ni bambo, si chusa

Mkuu, umeuliza kama nondo iliyonolewa ncha inatosha kutafutia chupa za kale nyuma ya nyumba yako huko Pennsylvania, au ununue fimbo maalumu, au ujitose kwenye mashine ya kutambua chuma. Mashine iache. Kioo si chuma. Itakulilia kwa kila msumari na kila kizibo mpaka betri iishe. Nondo nayo iache, na hapa naongea kwa machungu.

Mimi nilianza na nondo hapa Baltimore. Niliikata futi nne, nikainoa kama mkuki, nikaona nimemaliza kazi. Wiki ya pili nikasikia "ka!" chini, moyo ukaruka. Nikachimba kwa karibu masaa matatu. Ilikuwa chupa ya dawa ya rangi ya maji ya bahari, kioo kimejaa mapovu, mshono wa kalibu umeishia shingoni bila kufika mdomoni. Yaani mdomo wake ulimaliziwa kwa mkono, kabla mashine za kutengeneza chupa za Michael Owens wa Toledo, zilizokuja mwanzoni mwa karne ya 20, hazijachukua soko. Na begani palikuwa na tundu la kuingia kidole. Tundu langu mwenyewe.

Kosa langu halikuwa ncha peke yake. Nilidhani fimbo inatafuta chupa. Mzee wangu alikuwa mnunuzi wa mahindi, na kila gunia alilichoma bambo, kile chuma cha kuchotea punje za ndani, kabla hajataja bei. Hakuwa anatafuta punje fulani, alitaka gunia limwambie lina nini ndani. Fimbo hii ndiyo kazi yake. Unachotafuta ni shimo la choo cha zamani, maana watu wa karne ya 19 walitupa humo chupa, sahani zilizovunjika na majivu ya jiko. Ukilipata shimo, chupa utazifikia kwa chepe na mikono.

Sasa chagua kwa kigezo hicho. Chuma kiwe cha springi, cha mviringo na laini mwili mzima. Nondo ina vituta, kila kituta kinang'ang'ania udongo, na mkono wako unasikia msuguano wa futi nne zote badala ya kusikia ncha. Chuma cha kawaida nacho kitapinda siku ya kwanza kikikutana na mzizi. Unene wa inchi 3/8 unatosha. Chembamba kuliko hapo kinayumba, kinene sana kinakumaliza mabega. Urefu, chukua futi tano. Mashimo mengi hapa yako chini ya udongo wa kujaziwa, na fimbo fupi itakudanganya kuwa hakuna kitu.

Ncha ndiyo watu wengi wanakosea. Isiwe kali, na iwe nene kidogo kuliko fimbo yenyewe. Yangu ina gololi ya beringi ya nusu inchi iliyochomelewa mwishoni. Gololi inatangulia kupanua njia, fimbo inapita bila kugusa kuta, kwa hiyo ukinzani wote unaousikia unatoka chini kabisa. Na ikigusa kioo inateleza pembeni, haitoboi, ilimradi unasukuma kwa uzito wa mwili. Ukianza kuigonga kwa nyundo, usinitaje.

Kishikio kiwe cha umbo la T, kipana cha kushika mikono miwili. Cha kwanza nilichomelewa na fundi mmoja aliyekipasha chuma moto kupita kiasi. Chuma cha springi kikishaunguzwa hivyo kinakuwa dhaifu pale kwenye kiungo. Kilikatika nikiwa nimekilalia, nikaangukia kifua. Mwambie fundi wako mapema ni chuma cha aina gani, au nunua iliyokwisha tengenezwa na watu wanaochimba wenyewe.

Kusoma udongo ni mazoezi tu. Anza mahali unapojua hapajawahi kuchimbwa, ili mkono ujue ugumu wa asili. Kisha fuata mpaka wa nyuma wa kiwanja, choma kila baada ya futi mbili. Ramani za Sanborn, zilizochorwa kwa ajili ya bima ya moto, zitakuonyesha mabanda na mipaka ya zamani. Fimbo ikikaza juu halafu ghafla ikazama yenyewe, simama hapo. Majivu yanakwaruza kama wali wenye mchanga. Tofali linagonga zito na kuacha vumbi jekundu kwenye ncha. Jiwe linakurudishia mshtuko kiwikoni. Kioo kina sauti nyembamba, ukishaisikia mara tatu hutaisahau. Kila ukichomoa, tazama ncha kabla ya kuipangusa. Choma siku mbili tatu baada ya mvua. Udongo mkavu wa kiangazi wote unajifanya jiwe.

Kabla ya yote hayo, ruhusa ya mwenye nyumba, na piga 811, namba ya kuuliza mabomba na nyaya zilizofukiwa, siku kadhaa kabla. Ni bure, watakuja kupaka alama: njano ni gesi, nyekundu ni umeme. Usiseme "nachoma tu, sichimbi". Fimbo ya futi tano inafika kwenye bomba la gesi vizuri sana. Ardhi ya serikali kuu usiiguse kabisa, sheria ya 1979 inalinda mabaki ya kale ya miaka 100 na zaidi.

Jambo moja usilishangae: mashimo mengine yalizolewa na wazoa kinyesi wa zamani, utakuta tofali zimepangwa vizuri na ndani hamna kitu. Mimi nimefukia matatu ya hivyo mwaka huu. Niambie udongo wa kwako ni mfinyanzi au kichanga, maana kwenye kichanga kuta zinabomoka, na hapo hatutaongelea fimbo tena bali mbao za kuzuia shimo lisikuzike.