Usimwombee radhi mhusika wako

Niliwahi kupewa nafasi ya mama wa kambo anayemfukuza mtoto usiku, mvua inanyesha. Nikaiharibu. Kila nikifika kwenye maneno makali sauti inalegea, macho yanalowa, kama vile nawaambia watazamaji: jamani, mimi mwenyewe siko hivi. Mwongozaji akasimamisha mazoezi, akaniuliza, "Unamwombea radhi kwa nani?" Nikanyamaza.

Jibu nilikuja kulipata kwa Isabelle Huppert, mwigizaji wa Ufaransa aliyezaliwa Paris mwaka 1953. Katika Violette Nozière (1978) ni binti anayewawekea wazazi wake sumu. Katika Une affaire de femmes (1988) ni mke anayewatoa wenzake mimba kwa pesa wakati wa vita, huku akiota kuwa mwimbaji. Visa vyote viwili vinatokana na watu waliokuwepo kweli. Yule wa pili alikatwa kichwa mwaka 1943. Huppert hawatetei na wala hawashitaki.

Wewe unayeanza fani hii, itazame Elle ya mwaka 2016, lakini ujiandae, maana inaanza na ubakaji. Mshambuliaji akishaondoka, Michèle, mhusika wa Huppert, anainuka, anafagia vyombo vilivyovunjika, anaingia kwenye beseni la kuogea. Damu inapanda juu ya povu. Analisogeza povu kwa mkono. Kisha anapiga simu kuagiza chakula. Halii, wala hapigi simu polisi. Mimi nililia kwa niaba yake, na hapo ndipo nikaelewa: angelia yeye, mimi ningebaki natazama tu. Mwongozaji Paul Verhoeven alieleza kwamba awali alitaka kuitengenezea Marekani, akakosa nyota wa huko wa kuikubali nafasi hiyo.

Huppert amerudia mara nyingi kwamba haigizi wahusika, anaigiza hali. Nilipolisikia mara ya kwanza niliona ni maneno ya wasomi. Siku hizi naliona ni la kiufundi kabisa. Ubaya hauigiziki, ila kufagia kunaigizika. Kwa hiyo ukipewa nafasi nzito, itafutie mikono yako kazi kabla hujautafutia uso wako huzuni.

Jambo jingine ni mwongozaji. Huppert anamtazama mwongozaji kwanza, nafasi baadaye. Akiongozwa na Claude Chabrol, yule wa Violette Nozière na Une affaire de femmes, Huppert alifanya filamu 7. Mimi nilipuuza hilo. Nilikubali kazi ya mtu nisiyemjua, na siku ya kurekodi akaongeza tukio la kuvuliwa nguo ambalo halikuwemo kwenye mswada. Nilikataa, nikapoteza malipo, na nilikaa miezi nikijiona mnyonge. Dada yangu, kaka yangu, uliza kabla ya kusaini: nani atakuwepo chumbani, kamera itaona nini, na nikisema basi, nani atasikia. Uthubutu wote wa Huppert umesimama juu ya kuaminiana na anayemwongoza.

Yule mama wa kambo nilimrudia. Safari hii niliomba kapu la nguo zilizoanuliwa. Nilimwambia mtoto aondoke huku nakunja kanga, pindo kwa pindo, sauti ile ile ya kuulizia chumvi. Mama mmoja safu ya mbele akapiga kelele, "Mungu anakuona wewe!" Nikachukua kanga ya pili, nikaikunja.