Maji ndani, baridi nje: leo najibu maswali yenu

Haya wapendwa. Wiki hii maswali karibu yote yananuka matope. Mto umetoka kwake umekuja kwa watu, baridi nayo haina mpango wa kuondoka, na familia nzima nzima zimejazana chumba kimoja zinaanza kuoneana kasoro. Nimeyafupisha maana kuna aliyeniandikia meseji ndefu kama barua ya posa. Tuanze.

Shikamoo shangazi. Leo siku ya pili hatuna umeme, watoto wanatetemeka. Mume wangu anataka kuingiza jiko la mkaa sebuleni afungue dirisha kidogo. Mi naogopa, yeye anasema naogopa bure. (Mama wa watatu)

Marahaba mwanangu. Huogopi bure hata kidogo, na mwambie nimesema mimi. Mkaa ukiwaka unatoa kaboni monoksidi, haina harufu, haina rangi, haiwashi macho, ndo maana inaondoka na watu wakiwa usingizini. Hilo dirisha la kufungua kidogo halitoshi, linampa mtu moyo tu. Mi mwenyewe niliwahi kufanya ujinga huohuo, nikaingiza jiko chumbani nikasema dakika kumi tu nikaushe nepi, sa kichwa kikaanza kugonga nikadhani uchovu, mwanangu mkubwa akatapika nikalaumu chakula cha mchana, afu jirani akapiga hodi nikasimama nikafungue, miguu ikakataa. Nilifika mlangoni kwa kushika ukuta. Ule mlango kufunguka ndo ilikuwa pona yetu. Kwa hiyo kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, na mkiwa wengi mnaumwa kwa pamoja, msikae kujadili, tokeni nje wote kwanza afu mpige simu kuomba msaada. Na kama mna jenereta isikae barazani wala dirishani, iwe mbali na nyumba angalau mita 6, na moshi wake uelekee kusikokuwa na mlango wala dirisha.

Joto mtalipata hivi: chagueni chumba kimoja kidogo, kile kisichoguswa na maji, tundikeni blanketi mlangoni, zibeni upepo chini ya mlango kwa taulo kavu, godoro lisilale juu ya sakafu tupu, wekeni kitu katikati. Ila kabla ya yote hayo vueni mtoto kila kilicholowa, hata soksi, hasa soksi. Mtu anamrundikia mtoto mablanketi matatu juu ya suruali iliyolowa anashangaa mbona bado anatetemeka. Maji yananyonya joto la mwili haraka mno kuliko hewa, kwa hiyo kauka kwanza ndo ujifunike. Nguo nyingi nyepesi zinazopandana zinashinda koti moja zito, sweta la sufu linajitahidi hata likiloa kidogo wakati pamba ikiloa inakugeuka, na kofia msiisahau. Chupa ya maji ya moto ifungeni kwenye soksi kavu isiunguze mtu.

Shangazi, bibi yetu amepita miaka 80, maji yako hatua chache toka mlangoni kwake na hataki kuhama. Anasema hata baridi haisikii. Tumebishana mpaka tumelia. (Wajukuu)

Poleni wanangu. Hapo aliposema haisikii baridi ndo mngeshtuka. Mwili wa mzee hautoi taarifa vizuri kama wenu, anaweza kuwa anapoa na yeye anaona yuko sawa. Joto la mwili likishuka chini ya digrii 35 hiyo ni dharura, na dalili zake zinafanana na ukaidi wa kawaida wa uzee ndo maana tunazipuuza: anaongea kama ulimi mzito, anachanganya majina, vifungo vya sweta vinamshinda, anataka kulala tu. Ikitokea alikuwa anatetemeka afu kutetemeka kukakoma huku mwili bado wa baridi, msifurahi, hali imekuwa mbaya zaidi. Itisheni msaada wa daktari, na wakati mnasubiri mkausheni, mfunikeni, pasheni joto kifuani na mgongoni kwanza sio mikononi na miguuni, msimsugue, na pombe hapana kabisa, inadanganya ngozi huku joto la ndani linakimbia. Kama yuko macho na anameza vizuri mpeni kitu cha moto chenye sukari.

Sasa kumtoa. Acheni kumwambia nyumba itazama, hiyo nyumba anaijua kuliko nyie. Muulizeni analinda nini. Mara nyingi mzee hagomi kuhama, anagoma kuacha kitu, na hasemi maana anaona mtamcheka. Namjua mzee mmoja alibishana na watoto wake asubuhi nzima, kumbe roho yake iko kwenye cherehani iliyokuwa chini ya ngazi, wajukuu wawili wakaibeba wakaipandisha juu ya meza mbele ya macho yake, ye mwenyewe akachukua koti. Dakika tano. Kwa hiyo bebeni hicho kitu kwanza. Na mumwambie anakuja kuwasaidia na watoto, sio anakuja kuhifadhiwa, mtu mzima hapendi kubebwa kama mzigo. Dawa zake, miwani, vyeti, vyote kwenye mfuko wa nailoni unaofungwa, viende mkononi mwake mwenyewe.

Shemeji yangu ana gari kubwa la kunyanyuka, anasema barabara iliyofunikwa inapitika, maji yako chini ya goti. Tupande? (Mwenye haraka)

Msipande. Maji yanayokimbia ya sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, sentimita 30 zinabeba magari mengi madogo, 60 zinaondoka hata na hilo la shemeji. Na chini ya hayo maji hamjui kama barabara bado ipo. Goti la shemeji nani kalipima?

Shangazi mvua yenyewe haikuwa kubwa kivile, mbona maji yamejaa hivi? Na je kuna haja ya kulala kwa zamu? Baba anasema maji yakija tutayasikia. (Binti wa form two)

Swali zuri kuliko ya wakubwa wote humu. Wakati wa baridi ardhi inakuwa imeshashiba maji toka wiki za nyuma, au imeganda kabisa ikawa ngumu kama sakafu, sa mvua ikinyesha hainywi kitu, yote yanateleza kwenda mtoni. Miti mingi haina majani, kwa hiyo hata kunyonya inanyonya kidogo sana. Ongeza theluji inayoyeyuka juu huko milimani, inakuja siku ambayo kwenu hakuna hata wingu. Na mto ukiwa umeganda afu barafu ikapasuka, mapande yake yanaweza kukwama darajani yakawa kama bwawa, maji yakapanda kwa muda mfupi sana.

Hilo la kuyasikia, hapana, heshima kwa baba lakini hapana. Usiku wa tarehe 31 Januari kuamkia 1 Februari 1953 bahari ya Kaskazini ilivunja kingo, Uholanzi walikufa watu 1,836 na Uingereza 307, na wengi walikuwa wamelala, taarifa haikuwafikia au iliwafikia maji yako kitandani. Maji hayapigi hodi, yanapita chini ya zulia kimyakimya. Laleni kwa zamu, simu moja iwe imechajiwa na sauti imefunguliwa, viatu na tochi viwe pembeni ya kila kitanda, na wote mkalale ghorofani kama ipo. Umeme uzimwe kwenye meni swichi mapema mikono na miguu ikiwa mikavu, sio maji yameshafika kwenye soketi ndo mtu anayakanyaga kwenda kuzima. Yakishafika huko iacheni, mpigieni fundi au watu wa umeme.

Wifi zangu wawili wamehamia kwangu na watoto wao. Nashukuru Mungu wako salama LAKINI nikiwasha heta tu wao wanafungua madirisha, eti nyumba inukie vizuri. Tumenuniana. (Niliyechoka)

Pole mwenzangu, naona hiyo lakini umeiandika kwa herufi kubwa. Sasa usinichukie, wifi zako wako sahihi, angalau nusu.

Nyumba iliyoingia maji, au hata hiyo yako yenye watu tisa wanapumua, wanapika na wanaanika nguo ndani, imejaa mvuke. Ukipasha joto umefunga kila kitu ule mvuke hauendi popote, unatafuta ukuta wa baridi unageuka maji tena, ndo yale matone nyuma ya kabati, na ukungu unaweza kuanza kuota ndani ya siku moja au mbili. Hewa ya baridi ya nje hata kama unaiona imelowa huwa imebeba maji kidogo kuliko ya ndani, ikiingia ikapata joto inanyonya unyevu, ukifungua tena unatoka nao. Kwa hiyo heta na dirisha havigombani, vinafanya kazi pamoja, sema sio saa zote. Fungueni madirisha ya pande mbili yanayoelekeana dakika kumi hivi, mara tatu nne kwa siku, wote mkiwa chumba kingine, fungeni, pasheni. Fenicha isigusane na ukuta. Godoro na zulia lililokunywa maji ya mafuriko yatoke nje, najua inauma, lakini yale maji yamepita kwenye majitaka ya mji mzima. Kabla hujatupa piga picha kila kitu na uweke alama ya kalamu ukutani pale maji yalipofikia, kama una bima watakuuliza. Ukutani paliposhika ukungu vaa glavu na kitu cha kuziba pua, na dawa ya klorini usiichanganye na dawa nyingine yoyote ya usafi, inaweza kutoa hewa ya sumu. Na rangi mpya msipake haraka, ukuta unakauka kwa wiki na hata miezi, ukipaka mapema rangi itabanduka kama gamba idondoke.

Kuhusu kununiana: nyumba ya watu tisa haiendeshwi kwa adabu ya mgeni na mwenyeji. Mgeni anayekaa bure bila kazi anaona aibu, aibu inageuka kisirani, kisirani kinafungua madirisha. Wape mamlaka. Wifi mkubwa awe mkuu wa madirisha, kabisa, yeye ndo aseme saa ngapi. Mdogo apewe jikoni asubuhi. Na wewe tafuta nusu saa ya kujifungia hata bafuni, usiombe ruhusa kwa mtu.

Vitu vya frijini bado vinalika? Umeme umekata toka jana usiku. (Bachela)

Friji likiwa halijafunguliwa linavumilia kama masaa 4. Friza iliyojaa masaa 48, iliyo nusu 24. Nyama na maziwa ya kwenye friji toka jana usiku tupa, usionje kupima. Kilichoguswa na maji ya mafuriko tupa hata kama kifuniko kimefungwa cha kuzungusha, makopo ya bati yasiyobonyea ndo yanaoshwa kwa sabuni, yanatiwa dawa, ndo unafungua. Maji ya kunywa chemsha yatokote dakika moja nzima, ila ukiyasikia harufu ya mafuta hata kuchemsha hakusaidii.

Baba mkwe anataka tukodi pampu tumalize maji yote ya chumba cha chini leo leo. Si vizuri? (Mkwe)

Mto ukiwa bado juu, ardhi inayozunguka hicho chumba imejaa maji na inasukuma kuta kwa nje, yale ya ndani ndo yanazishikilia. Ukiyatoa yote kwa mkupuo ukuta unaweza kuingia ndani. Subirini maji ya nje yashuke, afu mtoe kama theluthi kwa siku, mkiangalia alama ukutani, yakipanda tena usiku simamisheni. Pampu ya mafuta ikae nje, sababu nimeshaisema kule juu. Mwambie baba mkwe kwa upole, na ikibidi mwanae ndo amwambie, sio wewe.

Mwanangu wa miaka sita toka tuhamishwe usiku ule mvua ikianza tu anaenda kujificha, na ameanza kukojoa kitandani. Alishaacha zamani. Baba yake anamfokea. (Mama mwenye wasiwasi)

Baba aache kufoka leo hii. Mtoto hajarudi nyuma kwa makusudi, mwili wake bado uko kwenye ule usiku. Mtoto wa miaka sita alichokiona sio maji, aliona nyie wawili mmechanganyikiwa kwa mara ya kwanza, hicho ndo kimemkaa. Usimwambie maji hayatarudi maana hujui, na siku yakirudi utakuwa umemdanganya. Mwambie yakija tutafanya nini: mimi nachukua begi, baba anachukua mdogo wako, we unachukua tochi. Mpe hiyo tochi kweli, iwe yake, alale nayo, na ye ndo awe wa kukagua betri kila jioni kabla ya kulala. Asubuhi mashuka yakiwa yamelowa badilisheni bila hotuba, afu avae kavu haraka maana baridi hii haina utani. Wengi wanatulia taratibu mambo ya nyumbani yakirudi kwenye ratiba, lakini ukiona wiki kadhaa zimepita hali ni ileile, au hataki kula, halali, hataki kucheza, mpeleke kwa daktari wala usione aibu.

Jana nimepokea meseji ya mama mwingine mwenye kisa kama hichohicho, anasema mwanae sasa hivi anamkagua mpaka baba yake kama ameweka viatu pembeni ya kitanda.