Re: Kwa nini nikeli isichukue nafasi ya iridiamu?
Ndugu, umeuliza kwa nini tusitumie nikeli badala ya iridiamu (metali adimu inayostahimili asidi) kwenye elektrodi za kutenganisha maji kuwa hidrojeni na oksijeni kwa umeme. Inategemea kama maji yenyewe yana asidi au alkali. Kwenye asidi nikeli huyeyuka. Na upande inakotoka oksijeni ndiko kwenye kazi ngumu: kila molekuli yake inadai elektroni 4, ya hidrojeni 2 tu. Ndiyo maana volti 1.23, ambazo kwa nadharia zingetenganisha maji, kwa vitendo hazitoshi.

Kwenye alkali nikeli hudumu, tena ina jambo linalonivutia sana: chembe za chuma (Fe) zilizomo kama uchafu kwenye potasiamu haidroksaidi, yaani ile alkali, hujipenyeza ndani ya nikeli, na viputo vya oksijeni huongezeka kwa volti zilezile. Ukitaka kuipima nikeli peke yake, ondoa kwanza chuma hicho, la sivyo unapima mchanganyiko.