Fizikia haikufungii mlango wa utafiti wa kinga

Ndugu, umeuliza kama shahada yako ya fizikia ya mata yabisi (tawi linalochunguza vitu vigumu) inakuzuia kutafiti kinga ya mwili. Haikuzuii hata kidogo! Chanjo za UVIKO-19 za mRNA (molekuli inayobeba maagizo ya kutengeneza protini) hutegemea chembe ndogo mno za mafuta zinazoingiza mRNA ndani ya seli. Ukubwa na chaji ya chembe hizo ni maswali ya fani yako. John Jumper, mmoja wa walioshinda Nobeli ya Kemia mwaka 2024 kwa kutabiri maumbo ya protini kwa kompyuta, alianzia fizikia. Usirudie shahada ya kwanza, tafadhali. Jifunze Python (lugha ya kuandikia programu za kompyuta), soma vizuri kuhusu seli T (chembe nyeupe za damu za kinga) na kingamwili (protini zinazonasa vimelea), kisha tafuta wasimamizi wawili wa utafiti wako, mmoja awe wa maabara ya kinga.