Wasomaji Wanauliza: "Mbona Wachawi Wako Hawana Macho Mekundu?"

Mhariri amenikabidhi maswali yenu kuhusu hadithi za kutisha ninazowaandikia humu. Yanayofanana nimeyaunganisha. Majina nimeyaacha, nimebakiza mnakotoka tu.

Shikamoo mama. Unaandika saa ngapi? Mimi na wenzangu tunabishana, naamini ni usiku wa manane. (Mbagala)

Marahaba mwanangu. Wenzako wameshinda. Naandika alfajiri baada ya swala, kabla jirani yangu hajaanza kuchoma vitumbua na kabla makonda hawajaanza kuita abiria. Usiku wa Temeke una vigodoro, una mechi, una watu wanaocheka barazani hadi saa saba. Nani ataogopa hapo? Naandika kwa kalamu kwenye kaunta buku, mchana naingiza kwenye kompyuta. Umeme ukikatika sipotezi hata mstari. Kisha naisoma sehemu nzima kwa sauti nikiwa peke yangu chumbani. Hadithi za kutisha tulizisikia kabla ya kuzisoma, kutoka kwa mabibi zetu, na sikio bado ndilo linalojua mapema wapi mtu atashika pumzi. Ulimi ukijikwaa mahali, pale napaandika upya.

Stephen King anasema huandika maneno 2,000 kila siku. Wewe je? (Sinza)

Ndivyo alivyoeleza katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu kazi ya uandishi. Mimi kurasa mbili zikikubali, nashukuru Mungu. Ninachokihesabu zaidi ni mahali pa kuweka "itaendelea".

Haya mambo unayatoa wapi? Umewahi kuona jini kwa macho yako? (Kigamboni)

Sijaona. Nimeona watu wakiogopa, na hiyo ndiyo malighafi yangu. Naenda soko la samaki Feri asubuhi, nanunua vibua, nakaa na wavuvi. Mmoja alikuwa ananisimulia habari za chunusi, yule jini wa majini anayevuta watu chini; tulipokaribia maji akanyamaza, akasema tumalizie kule juu, kwenye chai. Ile hatua yake ya kurudi nyuma nimeiandika mara nyingi kuliko chunusi mwenyewe.

Naenda pia Kunduchi kwenye magofu. Kuna makaburi ya zamani yenye nguzo, mengine bado yanaonyesha alama za sahani za Kichina zilizopachikwa kwenye chokaa. Nenda saa za mchana, simama peke yako, usikilize majani. Mbuyu nao huhitaji kuueleza kwa mtu wa Pwani, utaje tu kisha umwache msomaji amalizie.

Ila sianzi na jini kamwe. Naanza na mwanamke anayegonga mlango wa jirani usiku kuazima sindano. Kila mtu aliyelelewa nyumba yenye bibi anajua kwamba sindano haiazimwi usiku. Au mtu anaitwa kwa jina lake gizani, na sauti ni ya mama yake, na mama yake amelala chumba cha pili. Hapo sijataja kitu chochote cha kutisha, na wewe umeshavuta shuka.

Nakusoma kila toleo, lakini sijawahi kukuta bibi kizee mchawi mwenye macho mekundu. Wachawi wako wana magari na mageti. Kwa nini? (Shinyanga)

Swali hili ndilo lililonifanya nikubali ukurasa huu, nakushukuru sana.

Bibi aliyepika kwa kuni na samadi kavu tangu ujana wake, ndani ya jiko lisilo na dirisha, macho yake yatakuwa mekundu. Ni moshi tu. Wewe wa Shinyanga unajua kuliko mimi ni mabibi wangapi wamekatwa mapanga huko na Mwanza kwa sababu ya macho hayo. Mtoto anaugua, baba anakwenda kwa mpiga ramli, anaambiwa aliyemroga ni mwanamke mzee anayeishi jirani. Usiku watu wanakodiwa. Mara nyingine ukichimba unakuta bibi alikuwa mjane mwenye shamba, na shamba lina mtu anayelitaka. Tuna Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1928. Januari 2015 serikali ikapiga marufuku waganga wa ramli chonganishi, baada ya miaka ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, ambao nao waliuawa kwa sababu kuna watu walisimuliwa kwamba viungo vyao vinaleta utajiri. Walisimuliwa, yaani palikuwa na msimulizi. Na mimi kazi yangu ni kusimulia.

Tazameni pia mwaka 1995, popobawa, jini anayesemwa kuwavamia watu usiku vitandani, alipoanzia Pemba na kuvuka hadi Unguja. Watu walilala nje wamekusanyika pamoja, wamewasha moto, wakikesha. Hofu ile ilikuwa ya kweli, siidharau hata kidogo. Lakini kabla haijapoa, Unguja aliuawa na umati mtu mmoja mgonjwa wa akili aliyekuwa amekuja kutafuta matibabu. Walidhani ndiye popobawa. Hofu ikishaamka hutafuta mwili wa kuukalia, na kwa kawaida huupata wa yule asiye na wa kumtetea.

Kwa hiyo mchawi wangu nampa fedha, nampa mlinzi, nampa heshima mtaani. Msukule wake analima mashamba yake usiku, na kiongozi wa mtaa anakunywa naye kahawa. Miaka ya nyuma gazeti moja liliweka kwenye hadithi yangu mchoro wa kikongwe mwenye macho ya damu bila kuniuliza. Niliwaomba wauondoe, hawakutaka, nikaondoka na hadithi yangu ikiwa katikati. Wasomaji walinilaumu kwa kuwaacha njiani, na wengine bado wananilaumu. Ningeondoka tena hata leo.

Tunataka kukualika shuleni kwetu, ni bweni la wasichana. Utatusomea ile ya mochwari? (Kibaha)

Nitakuja kwa furaha, ila ya mochwari hapana. Mnamo tarehe 30 Januari 1962, huko Kashasha, Bukoba, wasichana watatu wa shule ya bweni walianza kucheka wakashindwa kuacha. Hali ile ikawaingia wanafunzi 95 kati ya 159, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Kicheko tu kilifanya hivyo! Nanyi mnajua habari za shule ambako wasichana huanguka mmoja baada ya mwingine, ikasemwa ni mashetani. Mabweni yana watoto waliochoka, walio mbali na mama zao, wanaolala kwa hofu ya mtihani. Siendi kuwaongezea mzigo kisha nikapanda basi kurudi kwangu. Nitasoma mchana, milango wazi, na baada ya kusoma tutakaa tuzungumze jinsi hadithi ilivyojengwa. Mkiona mbao zake, usiku mtalala.

Kwa watu wazima ni tofauti. Maktaba ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, au Soma Book Café Mikocheni, huko nasoma yoyote mtakayoichagua.

Siku hizi unasoma, unatazama na kusikiliza nini? (Tanga)

Nasoma *Peponi*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah kama alivyoiweka Ida Hadjivayanis katika Kiswahili chetu mwaka 2022. Si kitabu cha kutisha, lakini mbwa wanaomfuata Yusuf, mhusika mkuu, ndotoni wamenitia baridi kuliko majini mengi. Ninarudia pia *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla, cha 1960. Bwana Msa, yule mpelelezi, na kiko chake anaingia mahali ambapo kila mtu anaogopa mzimu, yeye anatafuta binadamu. Kila mwandishi wa aina yangu akisome.

Filamu ni *Vuta N'kuvute* ya Amil Shivji. Nimeitazama kwa ajili ya giza lake. Vile vichochoro vya Unguja vimepigwa picha na mtu anayejua kwamba kivuli nacho ni mhusika. Muziki ni Bi Kidude, siku zote. Singeli nikiwa nafua.

Nimetumiwa kitabu chako cha PDF kwenye kundi la WhatsApp. Nikisome au nikifute? (Gongo la Mboto)

Umeuliza kiungwana, nami najibu hivyo hivyo. Kifute. Mwandishi wa Kiswahili anaishi kwa nakala moja moja anayoiuza kwa mkono na kulipwa kwa simu, na nakala hizo ndizo zinazolipa mchapaji wa kitabu kinachofuata. Kama huna pesa niandikie kupitia mhariri, nitakukopesha changu ukirudishe.

Shikamoo. Niko kidato cha tatu, nataka kuandika za kutisha kama wewe. Nianzie wapi, na kuna tuzo? (Bagamoyo)

Marahaba binti yangu. Tuzo zipo: ya Taifa ya Mwalimu Nyerere inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu, na ya Safal-Cornell inayopokea miswada ambayo haijachapwa. Lakini hizo zinataka kazi iliyokamilika, wewe bado una muda. Kwa sasa nataka usiku mmoja, nyumba moja, watu watatu, na kitu kimoja ambacho bibi yako alikukataza kufanya giza likiingia. Kurasa nne zinatosha. Uniletee Sabasaba mwezi wa saba, kwenye meza za vitabu, tukae tuzisome kwa sauti.