Tuita ya hariri au ya alumini? Niliyoyaona sebuleni kwangu Tanga

Wengi wetu tukienda kununua spika tunasikiliza besi kwanza. Mimi siku hizi naanza na tuita, ile spika ndogo ya juu, mara nyingi ya milimita 25. Ndiyo inayobeba mng'ao wa fidla, kengele za tari na ile "s" ya mwimbaji. Ikiwa mbovu, hata taarabu ya Black Star, kundi letu la Tanga, inageuka kelele.

Nilinunua spika zenye tuita ya kuba ya alumini kwa kuwa dukani zilisikika safi. Nikazileta nyumbani Ngamiani: sakafu ya vigae, kuta za saruji, pazia jepesi la mlangoni. Fidla zikawa zinachoma masikio. Nikailaumu alumini.

Fundi aliyekuja kuzitazama akanieleza vingine. Alumini ni nyepesi na ngumu, haijikunji ovyo. Ina mlio wake yenyewe, kweli, lakini kwenye tuita iliyotengenezwa vizuri mlio huo uko juu ya herzi 20,000 (yaani mitikisiko 20,000 kwa sekunde), ambako sikio la binadamu halifiki. Hariri ni laini, humeza mtikisiko wake, kwa hiyo hata ikikosea hukosea kwa upole. Kilichoniumiza zaidi kilikuwa chumba changu. Nikatandika zulia, nikatundika mapazia mazito, nikashusha spika hadi tuita zikawa usawa wa masikio ya mtu aliyeketi. Sauti ya herzi 10,000 ina wimbi lenye urefu wa sentimita 3.4 tu, nayo huenda mbele kama mwanga wa tochi. Ukikaa pembeni unaikosa. Ukali ukapungua sana. Hata hivyo, kwa nyumba zetu hizi za vigae, ningekuwa nanunua leo ningechukua hariri.

Zipo pia tuita za utepe mwembamba wa metali badala ya kuba, zina sauti nyororo sana ila bei yake si ya kila mtu. Za piezo, zilizojaa kwenye spika za bei nafuu, sizishauri kwa sebule: hazina koili, ule waya uliozungushwa unaotikisa kuba, ni kipande kinachotikiswa na umeme, na sauti yake ni kavu.

Lililonigharimu pesa ni jingine. Kwenye sherehe ya mdogo wangu niliazima amplifaya ndogo nikaifungua mpaka mwisho. Tuita zote mbili zikaungua. Nilidhani amplifaya ndogo haiwezi kuunguza kitu, kumbe ikizidiwa inakata vichwa vya mawimbi, na mkato huo huzaa sauti nyingi za juu zinazopita moja kwa moja hadi kwenye koili nyembamba ya tuita. Sauti ikianza kukwaruza, punguza hapo hapo.

Ukienda dukani, beba wimbo unaoujua kwa moyo, wenye fidla na sauti ya mwanamke. Omba uketi, usikilize nyimbo tatu nne bila muuzaji kugusa vitufe. Ukijikuta mkono unaenda kupunguza sauti, ziache spika hizo hapo hapo.