Vumbi kwenye kioo cha TV

Dada, umeuliza kama dawa ya madirisha inafaa kusafishia TV yako ya flati, maana upepo wa Dodoma haukuachii. Iache kabisa. Nyingi zina amonia au spiriti, na zinaharibu utando wa juu unaopunguza mng'ao. Ukishabanduka haurudi.

Zima TV, chomoa plagi, subiri ipoe. Kioo kikiwa cheusi ndipo utaona vidole vya watoto vilipopita. Sasa, vumbi letu lina mchanga, kwa hiyo ukianza kusugua tu unakichubua kioo. Pangusa kwanza kwa kitambaa kikavu cha maikrofaiba, kile laini kama cha kufutia miwani, taratibu, kuanzia juu kwenda chini, bila kukandamiza. Tishu hapana.

Doa likigoma, lowesha kona ya kitambaa, ikamue hadi isidondoshe, ufute, kisha ukaushe kwa upande mkavu. Maji ya bomba ya huku mara nyingi yana chumvi na huacha alama nyeupe. Bora ya chupa. Usipulizie maji kwenye kioo chenyewe: yanachuruzika hadi ukingo wa chini, yanaingia ndani, na hapo utamtafuta fundi.